Antena ya ndani ya kusikiliza satelaiti, niko chini ya bati na sisikii kitu

Mpangaji_Tabata

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana nimekwama wiki ya tatu sasa. Nimepanga chumba Tabata, nyumba ya bati, mwenye nyumba hataki mtu apande juu wala atoboe ukuta kwa hiyo kila kitu lazima kikae ndani. Nimetengeneza daipoli (antena ya mikono miwili) kwa waya wa hanga, kila mkono sentimita 49, nimebana kwenye ile konekta ya plastiki ya mafundi umeme, halafu waya wa antena wa RG-58 kama mita 10 hadi kwenye kidude cha SDR (redio ndogo ya USB) kwenye laptopu. Antena nimeining'iniza karibu na dari ili iwe juu. Nasikiliza satelaiti ya SO-50 kwenye 436.795 MHz na ripita (mtambo wa kurudisha sauti za watu) ya ISS, kile kituo cha anga cha kimataifa, kwenye 437.800, muda naangalia kwenye app, nachagua siku inapita karibu na utosini kabisa, nyuzi 80 na kuendelea, lakini ni shhhh mwanzo mwisho. FM za mjini zinaingia safi so kidude ni kizima. Sasa fundi TV mmoja kaniambia ninunue busta, mwingine anasema nitengeneze yagi, ile antena ya vijiti kama ya TV, ya vijiti 7. Hela ninayo ya kitu kimoja tu, nianze na kipi?

Mzee_wa_Koili

Mdogo wangu hela yako weka mfukoni kwanza. Hiyo antena umeipeleka sehemu mbaya kuliko zote humo ndani, kule darini umeisogeza kwenye bati na bati kwa mawimbi ni ukuta, liwe geji nene au jembamba. Ingekuwa nyumba ya makuti au vigae ningekwambia iache hapohapo. Kwako wimbi linaingilia dirishani na mlangoni basi.

Ndo maana satelaiti ya nyuzi 80 unayoisubiri kwa hamu ndiyo hiyohiyo huwezi kuisikia, muda wote ikiwa karibu yako imefichwa na bati. Chagua zinazopita upande wa dirisha lako zikafika nyuzi 25 mpaka 50 tu. Ni kweli zitakuwa mbali zaidi, ISS ikiwa utosini ni kama kilomita 400 na ikiwa nyuzi 30 ni kama 750, kwa hiyo nguvu inashuka mara tatu na nusu hivi, lakini unaiona kwa macho ya antena, bati linakula zaidi ya hapo kwa mbali sana.

Sasa nijibu mambo mawili. Dirisha linaangalia wapi? Na wavu wa mbu ni wa plastiki au wa waya? Kama ni wa waya umejifungia ndani ya sanduku la chuma bila kujua. Kwangu niligundua kwa kuchomoa uzi mmoja pembeni na kuusogeza kwenye kiberiti, wa plastiki unayeyuka palepale, wa waya hauyeyuki hivyo. Na kama dirisha lina nondo za kusimama wima, ilaze antena, maana nondo zinazuia zaidi wimbi lililosimama kama zenyewe, la kulala linapenya afadhali.

Pwani_145

Hapo mzee amesema kweli. Mimi niko Mombasa, kwenye fleti ya zege, na mie shida yangu kubwa ilikuwa makelele wala si antena. Fanya hivi ndugu yangu, laptopu itoe chaja itumie betri, fungua SDR kwa 145 halafu mwambie mtu azime stima kwenye meni swichi na wewe macho kwenye skrini. Kwangu ile sakafu ya kelele ilishuka ghafla hadi nikadhani kidude kimekufa! Nikaanza kurudisha kimoja kimoja, nikapata balbu mbili za LED za bei rahisi, chaja ya simu na king'amuzi, king'amuzi hata kikiwa kimezimwa kwa rimoti kilikuwa kinapiga kelele, lazima uchomoe kabisa kwa ukuta. Mwenye sola naye aangalie ile kontrola ya chaji.

Busta ya TV wachana nayo, hiyo itakuza kelele pamoja na FM za mjini zote, kidude kizidiwe. Na RG-58 mita 10 kwa 435 inakula zaidi ya nusu ya kile antena imeshika, kabla hakijafika kwa laptopu. Tumia waya wa dishi, RG-6, ni ohm 75 sawa lakini hasara ya kutolingana na 50 ni ndogo mno, na kwa mita hizohizo 10 unapoteza kama robo tu na ushee. Ama bora zaidi, kidude kipeleke dirishani penyewe kwa waya mrefu wa USB, usizidi mita 5, ndo ile RG-58 ikatwe ibaki kipande kifupi.

Nukta_na_Mstari

Kaka naomba niongeze jambo ambalo wenzangu hawajaligusa. SO-50 haitoi sauti yenyewe, mpaka mtu mwenye leseni airushie toni ya 74.4 Hz ndo inawaka kwa dakika 10 halafu inajizima. Na ripita ya ISS hairudishi kitu kama hakuna anayeongea. Huku kwetu watu ni wachache, kwa hiyo inawezekana antena yako ilishakuwa nzima siku nyingi ila ulikuwa unasikiliza kimya. Mimi nilihangaika hivyo miezi na iliniuma sana kujua baadaye. Ukitaka sauti za watu vizia inapopita kusini, hapo mnaonekana wewe na watu wa Afrika Kusini kwa pamoja, utasikia majina ya kituo yanaanza na ZS.

Kwa kupimia antena tumia satelaiti ya RS-44, ina bikoni (alama inayojirusha yenyewe) ya Morse kwenye 435.605. Iko juu zaidi ya kilomita 1,100, ndo maana inakaa angani dakika 20 na zaidi ikipita vizuri. Kwenye SDR usiweke FM, weka CW, ile modi ya kusikilizia Morse. Mstari utatokea kilohezi kadhaa juu ya masafa yake halafu utashuka pole pole, ukiona huo mteremko jua ni satelaiti, kelele ya chaja haitembei hivyo. Na kata daipoli nyingine ya masafa haya ya 435 (bendi inayoitwa 70 cm), kila mkono sentimita 16 na nusu.

Mpangaji_Tabata

Shikamoo mzee, asanteni wote. Dirisha linaangalia mashariki na wavu ni wa WAYA, sikuwahi hata kuwaza! Jana usiku nimesogeza fremu ya wavu, nimekata daipoli ya 16.5, kidude nimekiweka dirishani kwa waya wa USB, antena nimeilaza. RS-44 ikapita upande wa mashariki, juu kabisa nyuzi 41. Mstari mwembamba ukatokea kwenye skrini ukawa unashuka kama dada Nukta alivyosema, na ti-ti-ta nikazisikia kwa masikio yangu, mikono ilikuwa inatetemeka. Nikarudisha wavu makusudi, mstari ukapotea. Nikautoa, ukarudi. Mbu wameniuma sana ila sijali.

Ila inafifia na kurudi, inafifia na kurudi. Hapo sasa ndo yagi?

Mzee_wa_Koili

Marahaba. Inafifia kwa sababu satelaiti inajizungusha, wimbi mara limelala mara limesimama. Hapo ndo yagi, lakini ya vijiti vitatu inatosha, ya 7 itakugonga kwenye nondo. Kata futi ya chuma ya fundi, ile ya kupimia, iwe vijiti, pachika kwenye bomba la PVC la umeme ambalo halifiki nusu mita, shika mkononi dirishani, sauti ikififia zungusha kiganja robo mzunguko mpaka irudi. Pale pa kuchomea waya kwa risasi kwangua rangi ya futi yote mpaka chuma king'ae, la sivyo haishiki. Kusikiliza endelea, kurusha subiri leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na wavu kanunue wa plastiki kesho asubuhi, malaria si ya kuchezea.