MJADALA: Mikono ya ishara ya reli ya zamani, tuiuze skrapa au tuitunze?

Habari zenu wadau, hasa nyie wa Tororo, Malaba na Jinja hapa Uganda mliokulia karibu na reli. SGR, yaani reli mpya ya kisasa, ya Malaba hadi Kampala mkataba wake ulisainiwa 2024, na hii reli yetu nyembamba ya mita moja, ambayo ilifika Kampala 1931, nayo inatengenezwa. Sasa naona kila siku watu wanasema vitu vya zamani vyote vikatwe viuzwe kwa kilo, na kwenye hivyo vitu wanaweka na zile ishara za mikono. Mie napinga kabisa na naomba tubishane kwa hoja.

Kwa ambao hamjaiona: ni mlingoti wa chuma, juu una mkono mwekundu wenye mstari mweupe. Mkono ukilala sawasawa dereva asimame, ukiinama au ukiinuka, inategemea aina, apite. Usiku kuna taa ya mafuta ya taa na vioo viwili mbele yake, na kile kioo cha "kijani" ukikishika mchana utashangaa kinakaribia bluu, kwa sababu moto wa mafuta ya taa ni wa njano kwa hiyo vikikutana ndo dereva anaona kijani. Mtu yuko kabini, kile chumba cha kuendeshea ishara, anavuta leva, waya unakimbia kwenye puli kando ya reli mita mia kadhaa mpaka mlingotini. Mzee wangu alivuta hizo leva enzi za East African Railways, kabla haijavunjika 1977, kwenye stesheni moja huku mashariki, na mikono yake mpaka anazeeka ilikuwa migumu kama gogo.

Na kitu alichonifundisha ni hiki: waya ukikatika, au mwizi akiukata, mkono haubaki umeruhusu, unarudi wenyewe kwenye kusimama kwa uzito wake au wa chuma cha kusawazisha, inategemea aina. Tena tangu 1856 Mwingereza John Saxby alipopata hataza ya kufungamanisha leva za ishara na za kugeuza njia, njia ikiwa imekaa vibaya leva ya ishara haivutiki hata uning'inie. Hakuna umeme hapo banange, ni chuma na uzito tu!

Mchangiaji wa Kireka: Ndugu nakuheshimu na mzee wako pia, lakini unaficha upande wa pili. Huo mkono haujui kama kuna treni mbele, anayejua ni binadamu aliye kabini na binadamu anasahau. Soma ajali ya Quintinshill, Scotland, Mei 1915: mtu wa kabini alikuja kazini na treni ya abiria, ikaegeshwa mbele ya dirisha lake, halafu akaisahau hiyo hiyo aliyopanda akaruhusu treni ya wanajeshi, watu zaidi ya 200 wakafa. Mfumo wa umeme unaopitisha mkondo kwenye reli zenyewe ungeiona ile treni, na huo mfumo si wa juzi, Mmarekani William Robinson aliutengeneza 1872. Na umeme ukikatika nao unaonyesha nyekundu, kwa hiyo hiyo sifa si ya mikono peke yake. Mimi nasema iuzwe, hela itengeneze makutano ya reli na barabara huku kwetu, watoto wanavuka kila asubuhi.

Mchangiaji wa Tororo: Wanangu, mie ni mama na nimekaa hapa njia panda ya reli ya Kampala na ya Gulu miaka mingi. Mkisema iuzwe, nani atauza? Hapa vyuma vya reli vinaondoka usiku na hamna shule wala barabara iliyojengwa na hizo pesa. Mkiruhusu skrapa mmeruhusu wezi.

Mwanzisha mada: Shikamoo mama, asante, hilo ndilo linaloniuma. Ndugu wa Kireka, Quintinshill umesema kweli sikatai. Ila malizia: pale kabini kulikuwa na pete za kuvalisha leva ili mtu akumbuke treni imesimama, hawakuivalisha. Na mimi sijasema SGR ifungwe mikono, treni za kasi ile zinahitaji mfumo wa kisasa na uijue treni ilipo, hapo tuko pamoja. Hata mikono yenyewe ilishawahi kuua, Abbots Ripton kule Uingereza 1876 theluji iliigandisha ikiwa imeruhusu, kwa sababu kawaida yao ilikuwa kuacha ishara wazi, na baada ya hapo wakabadilisha ikawa kawaida ni kufunga.

Sasa mafundi vijana watakaolinda mfumo wa SGR watajifunza wapi kwamba kitu kikiharibika ishara lazima irudi kwenye kusimama? Kwenye skrini huoni kitu kikirudi chenyewe. Nataka mlingoti mmoja na leva zake na waya wake usimamishwe kwenye makumbusho ya reli pale Jinja, ukiwa unafanya kazi si umepakwa rangi tu, mtoto avute aone, halafu fundi afungue waya mbele yake mkono urudi kwenye kusimama. Iliyobaki iandikwe moja moja, ipo stesheni gani na ni mingapi, kabla lori la skrapa halijafika. Mwenye picha ya mlingoti uliosimama bado huko kwao aiweke hapa tuanze kuhesabu.