Lamu: nyumba za mawe zinapigwa saruji mchana kweupe na hakuna anayeuliza

Wanajamvi, assalamu alaikum. Uzi huu ni mrefu, mtanistahimilia. Nimengoja siku tatu hasira ipungue ndipo niandike. Haikupungua.

Jumamosi mpwa wangu alifika kutoka Mombasa. Anasomea usanifu wa majengo na amepewa kazi ya kuchora nyumba ya mawe ya Lamu, kuanzia daka, ule ukumbi wa mlangoni wenye mabaraza, hadi darini. Kijana amezaliwa Tudor, kulekule Mombasa. Lamu anaijua kwa Maulidi, nayo ni usiku, matari na msongamano wa watu msikitini Riyadha; mji wenyewe hajapata kuutembea kwa nuru ya jua. Nikamwambia vaa makubadhi, chukua daftari na futi, tuanzie Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome, kabla jua halijawa kali.

Tulianza vizuri. Nilimwonyesha ngome, iliyoanza kujengwa 1813 baada ya vita vya Shela, kijiji cha jirani, ikamalizika 1821. Hadi 1984 ile ilikuwa jela, na nakumbuka mama akinivuta mkono tukipita ubavuni mwake, nisitazame juu. Hatua chache kutoka hapo upo Msikiti wa Pwani, wenye tarehe ya 1370. Mpwa wangu akasimama. "Mjomba, mbona huu unaitwa wa Pwani na bahari iko kule?"

Nilifurahi. Hilo ni swali la mtu anayekwenda kwa miguu. Nikamweleza kwamba ngome yenyewe ilijengwa ukingoni mwa maji, na ardhi tunayoiona mbele yake leo ilijazwa baadaye. Akaandika. Tukashika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, tukapinda kuingia Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe, na kule kijana akaanza kutembea polepole kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya watu. Mji huu una misikiti zaidi ya 20, na mgeni aweza kupita milangoni mwa mitatu asijue, kwa kuwa mingi ya zamani haina minara. Unaijua kwa viatu vilivyoachwa kwenye ngazi na sauti ya maji ya kutawadhia. (Mnara mweupe wa Shela, ule mrefu uliochongoka wa 1829, una watu wake wa kuusifu, leo nauacha.) Tukapita chini ya wikio, kile chumba cha juu kinachovuka njia kuunganisha nyumba mbili ili wanawake wa huku waende kwa wa kule bila kushuka barabarani. Akapima upana wa kichochoro kwa mikono yake miwili. Akacheka, akasema, "Hapa jua haliingii kabisa." Ndiyo, mwanangu. Ndivyo walivyotaka.

Kisha tukafika kwenye nyumba niliyomkusudia.

Nyumba ile siitaji, wala mwenyewe simtaji. Waliokulia Mkomani mtaijua. Mimi nimesoma chuo cha Qur'ani pale. Maalim wetu, Mungu amrehemu, alikuwa akikaa kwenye baraza la kulia la daka, na sisi watoto tukijipanga la kushoto, migongo ukutani, misahafu kwenye marehani, vile vibao vya kuiwekea. Ukuta ule ulikuwa baridi hata Januari. Nikiisoma Alif Lam Mim hadi leo, mgongo wangu wakumbuka ule ubaridi.

Baraza la kushoto halipo. Limevunjwa, na palipokuwa pamekaa watoto wa mtaa mzima sasa pameegeshwa pikipiki.

Mlango haupo. Ulikuwa mlango wa mbambakofi, wa mbao mbili, na mfaa, ule mti wa katikati zinapokutana mbao, uliochongwa maua kutoka juu hadi chini. Pameingizwa mlango wa chuma uliopakwa rangi ya kijani, na kwa kuwa chuma kile kilikuja kikubwa, kizingiti cha juu kimekatwa. Nilipouliza mlango uko wapi nikaambiwa "ulipata mteja". Neno hilo tu. Mlango uliopitisha maharusi na majeneza ya watu wa nyumba ile ulipata mteja.

Na ukuta wa nje, kuanzia chini hadi usawa wa kifua, umepigwa saruji.

Tukaingia, maana mlango ulikuwa wazi na fundi yuko kazini na vijana wake wawili. Kiwanda, ule uwanja wa ndani unaoipa nyumba nzima mwanga na hewa, kimeezekwa mabati. Palikuwa na mwasumini pembeni mwa birika, nakumbuka bibi wa nyumba akitutuma tuokote maua yaliyodondoka, akitupa kashata. Mwasumini umekatwa, birika limefukiwa, chini pamebandikwa vigae. Basi fikirini. Nyumba ya Lamu haina madirisha makubwa ya nje. Mwanga wake wote unashuka kiwandani, unaingia msana wa kwanza, kile chumba kirefu kinachoelekea kiwandani, unapita wa pili, unafika ndani ukiwa umetulia. Ukiziba kiwanda kwa bati umeziba pua ya nyumba. Ndani palikuwa giza tupu, taa ya umeme inawaka saa nne asubuhi, na joto la kutoa jasho.

Huko ndani ndiko kulikonivunja moyo. Zile zidaka, yale matundu ya ukutani yaliyopangwa safu juu ya safu na kupambwa kwa nakshi za chokaa, ambamo bibi alikuwa akiweka sahani zake za Kichina na vitabu vya mumewe, fundi alikuwa akizigonga kwa nyundo. Upande mmoja umekwisha. Nakshi ziko sakafuni, vipande vyeupe, vijana wanavikanyaga kwa ndara. Mpwa wangu akainama akaokota kimoja, akakitazama, hakusema neno.

Nikamwambia fundi, "Bwana, hizi unazivunjia nini?"

"Ami, mwenye nyumba anataka ukuta ulio sawa. Ataweka televisheni. Juu kutakuwa na vyumba vya wageni."

"Na hiyo saruji?"

"Chokaa yataka siku nyingi. Saruji nikipiga leo, kesho kutwa napaka rangi."

Sikumgombeza, yeye ni kibarua na ana watoto. Lakini nasema hapa, kwa herufi kubwa kama ikibidi: SARUJI INAUA NYUMBA YA MAWE. Watu wazima wanaomiliki nyumba hizi hawataki kulisikia hili, na mafundi wanaolijua wananyamaza ili wapate kazi.

Ukuta wetu ni jiwe la matumbawe na chokaa, mnene karibu nusu mita. Jiwe lile linanyonya maji kutoka ardhini na limejaa chumvi. Chokaa ni laini, ina vitundu, inayaachilia yale maji yatoke nje kama mvuke, ndiyo maana ukuta wa maalim ulikuwa baridi. Ukiupiga saruji umeuvisha nguo ya plastiki. Unyevu hauna pa kutokea, unapanda juu. Chumvi inakusanyika nyuma ya lipu, inaisukuma, na lipu ikianguka inaondoka na uso wa jiwe. Maji yakifika kwenye vichwa vya boriti vilivyochomekwa ukutani, boriti zinaoza kule ndani usikokuona, kwa nje unaona dari imependeza na rangi mpya. Kisha siku moja dari inashuka. Halafu husemwa nyumba ilikuwa nzee!

Ilikuwa nzee, ndiyo. Kuna nyumba Mkomani zimesimama tangu karne ya 18, zimepita mvua ngapi za masika. Inayoziua ni mifuko ya saruji ya kilo 50 tuliyoipakua sisi wenyewe jetini na kuipandisha kwa punda wetu.

Na huyo mwenye nyumba anataka ghorofa nyingine juu, ya zege. Upana wa vyumba vyetu, usiofika mita 3, umetokana na urefu wa boriti ya mkoko. Wazee walijua jiwe lile linabeba nini. Leo unaondoa boriti, unamimina zege, unaweka tangi la maji juu ya zege, unategemea ukuta wa matumbawe ustahimili. Mpwa wangu mwanafunzi wa mwaka wa pili aliuona ufa kwenye pembe ya msana kabla yangu. Akaweka futi, kidole chake cha shahada kikaingia nusu.

Jumatatu nikaenda ofisi inayohusika. Sitaji ipi. Nikaambiwa niandike barua. Nikasema barua niliandika zamani, ya nyumba nyingine, na nakala ninayo. Nikaambiwa niandike nyingine. Mji Kongwe wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001. Nchi ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Kila hotuba inaanza kwa "mji wetu wa kale". Na nyundo inasikika hadi barabarani! Nimesimama njiani pale, nimehesabu watu waliopita kwenye saa moja wakaisikia, nikaacha kuhesabu.

Waongoza wageni nao, wengi wenu ni vijana wangu na ninawapenda, lakini nitasema. Siku ileile nilikiona kikundi cha wageni kimepelekwa forodhani, kimepigwa picha na punda, kimeingizwa duka la vikoi, kimerudi mashuani. Nusu saa. Hamkuwapandisha Mkomani hata nyumba moja. Mtu asiyetembea ndani hajui mlango upi umeondoka wiki iliyopita, na ninyi mlio hapa kila siku mngekuwa mashahidi wa kwanza. Pikipiki nazo ni uzi wake mwingine, vichochoro hivi vilikadiriwa kwa punda mwenye mzigo.

Najua jibu la wengi: nyumba ni yake, maisha ni ghali, wageni wanataka kiyoyozi. Nimelisikia, na sehemu yake ni kweli. Nyumba yangu mwenyewe ilivuja miaka miwili iliyopita. Boriti nzuri ni taabu kupata, na marufuku ya kukata miti ya 2018 iliwakumba hata wakataji wa mikoko wa huku. Nilikopa. Nilipata chokaa iliyochomwa kwa matumbawe, nikailoweka, nikakaa nayo kwenye pipa kwa miezi, mke wangu akinung'unika kila anapopita. Fundi mzee alinipigia kuta mbili tu, alipaka mkono wa kwanza akasubiri, wa pili akasubiri. Ilichukua muda. Kuta zile leo ukiziwekea kiganja ni baridi, na hakuna doa. Ukuta wa tatu, aliopiga mpangaji wangu kwa saruji nikiwa safarini, unatoa unga mweupe chini kama chumvi ya nguru. Aje mtu yeyote aone, mlango wangu uko wazi baada ya alasiri.

Ninachotaka ni kidogo. Kazi ya nyumba ile isimamishwe leo, kabla hawajafika upande wa pili wa zidaka. Upande huo ulikuwa mzima Jumamosi saa tano. Mlango utafutwe, mlango wa mbambakofi wa mbao mbili haufichiki mfukoni, kuna watu waliubeba na kuna chombo kilichouvusha. Na wewe uliyeununua, kama umo humu unasoma, ujue mfaa ule una jina la aliyeuchongesha upande wa ndani. Sisi watoto wa chuo tulikuwa tukilisoma kwa vidole.

NYONGEZA, Jumanne usiku: Nimesoma majibu yote. Aliyesema nina wivu na maendeleo, nimemsikia, simjibu. Aliyesema ni ndugu wa mwenye nyumba na kwamba hawakujua habari ya saruji, nakushukuru kwa kujitokeza, bwana, na nimekutumia ujumbe. Tuonane kesho baada ya magharibi, uje na fundi wako, mimi nitakuja na wangu. Vipande vya nakshi msivitupe. Mpwa wangu amevipanga kumi na saba sebuleni kwangu juu ya mkeka na amegundua vinne vinaungana.

Kuna mmoja ameuliza chokaa inapatikana wapi sasa. Ile yangu ilikwisha, na fundi mzee aliyenipigia kuta ameshatangulia mbele ya haki mwaka jana. Kwa hiyo nauliza na mimi: nani anajua tanuri linalowaka bado, iwe ni Lamu, Pate au Siyu? Andikeni hapa chini. Kijana anavuka kwenda Mokowe, kule bara, Alhamisi alfajiri kurudi chuoni, na nataka aione chokaa ikichomwa kabla hajaondoka.