Kontroboksi imekufa, nina laki tatu: ninunue mtumba au hii nitengeneze?

Baba Nasra
Wakuu habari za jioni. Gari imezima Jumatano pale Mbagala Rangi Tatu na mpaka sasa haijawaka. Fundi wangu kapima, anasema kontroboksi, ile kompyuta ya injini, imekufa. Nimezunguka nikapata njia tatu. Mtumba kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani nimetajiwa 280,000 bila kufunga. Kuna kijana wa vifaa vya umeme anafungua na kutengeneza kwa 120,000 ila hatoi garantii. Mpya kabisa, bei nilipotajiwa nikashukuru nikaondoka. Mfukoni nina laki tatu, sina pa kuongeza. Mke wangu anaoka keki za oda na gari hii ndiyo inayozifikisha kwa wateja. Juzi keki ya ngazi tatu imepanda bajaji kutoka Mbagala hadi Tabata, imefika imelala upande na pesa tumerudisha. Naombeni ushauri wa haraka.

Mzee wa Spana
Gari gani? Mwaka gani, injini gani, gia automatiki au za mkono? Na huyo fundi alipima kwa kutumia nini? Unaomba dawa bila kusema unaumwa nini.

Kipepe_Moro
Mkuu chukua mtumba, usipoteze muda. Bodi ikishaungua imeungua. Hawa vijana wanaofungua wanagusagusa risasi za kulehemia, gari inawaka wiki mbili, halafu hata simu hawapokei.

Baba Nasra
Samahani wakuu, nilikuwa na haraka. Ni Toyota IST ya 2003, cc 1300, automatiki. Fundi alichomeka kile kidude kidogo cha kuunganisha na simu, hakikusoma chochote. Akasema kontroboksi haizungumzi, basi imekufa.

Mzee wa Spana
Hapo ndipo ninapokataa. Hicho kidude kushindwa kusoma IST ya 2003 hakithibitishi kitu. Gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani kabla ya 2008 hivi, nyingi hazifuati ile lugha ya jumla ambayo vidude hivyo vinaijua. Soketi ipo, inaingia vizuri kabisa, lakini hakuna mawasiliano hata kama gari ni nzima. Tafuta mwenye mashine inayoingia kwenye mfumo wa Toyota wenyewe.

Na kabla ya hapo nijibu hili: ukiweka swichi ON bila kupiga stata, taa ya injini kwenye dashibodi inawaka au haiwaki?

Baba Nasra
Haiwaki. Taa ya betri na ya oili zinawaka, ya injini hapana. Stata inazungusha vizuri tu.

Dada wa Wayaringi
Kaka Baba Nasra, pole sana. Mimi ni fundi umeme wa magari, nipo Arusha, na kontroboksi zinazoletwa kwangu zikiitwa mfu nyingine huwa hazina ubaya wowote. Taa ya injini isipowaka swichi ikiwa ON, usikimbilie dukani. Kwanza angalia fyuzi ya EFI, yaani mfumo wa mafuta wa injini, na rilei yake (swichi ya umeme) kwenye boksi la fyuzi la mbele. Rilei unaweza kubadilishana na nyingine ya aina ileile humohumo ukajaribu. Pili, waya za ardhi zinazofungwa kwenye injini, hasa kama injini iliwahi kushushwa.

Tatu, na hili mafundi wengi wanaliruka: kontroboksi inatoa volti 5 kwenda kwenye sensa. Waya huo unaitwa VC, na ardhi yake E2. Sensa moja ikipiga shoti ndani, ile volti 5 inaanguka na kontroboksi yenyewe inazimika. Taa haiwaki, mashine haisomi, plagi hazitoi moto. Chomoa soketi ya sensa ya throto (mlango wa hewa ya injini), weka multimita kwenye VC na E2, swichi ON. Ukipata 5 kamili, rudi tuongee. Ukipata chini ya hapo, chomoa sensa moja moja huku unaangalia namba. Ikiruka kurudi 5, sensa uliyoishika mkononi ndiyo mchawi, na bei yake haifiki nusu ya kontroboksi.

Halafu niambie ukweli: siku moja au mbili kabla haijazima, kuna mtu aliigusa gari?

Kipepe_Moro
Dada umeeleza vizuri, lakini mwenzetu anataka gari itembee. Mimi Toyota Raum yangu nilifunga mtumba asubuhi, mchana nikapiga safari ya Morogoro. Namba za kwenye stika ya kontroboksi zikilingana unachomeka tu.

Xtrail_Dodoma
Naomba niseme yaliyonikuta mwaka juzi, asije akaumia mwingine.

X-Trail yangu, injini ya QR20, ilianza kutetemeka, silinda moja haichomi. Fundi akasema kontroboksi. Nikanunua mtumba dukani, 350,000, muuzaji ananiapia imetoka kwenye gari iliyokatwa Japani. Tukafunga, gari ikatulia kama mpya. Nikalipa ufundi 50,000 nikaenda zangu. Siku ya tatu, nipo kwenye mlima wa kuingia Kibaigwa, ikarudia kutetemeka vilevile, silinda ileile.

Nikarudi dukani. Muuzaji akanionyesha maandishi ukutani: vifaa vya umeme havirudishwi. Nikamwomba fundi mwingine aifungue mbele yangu. Skrubu zake zilikuwa zimekwaruzwa vichwa, ina maana iliwahi kufunguliwa kabla yangu. Ndani, transista inayoendesha koili (inayopeleka moto kwenye plagi) ya silinda ya tatu ilikuwa nyeusi na bodi imepasuka pembeni yake. Akapima koili, ina shoti. Koili mbovu ndiyo iliyoua kontroboksi ya kwanza, na ndiyo iliyoua ya pili. Yule fundi wangu wa kwanza hakuigusa koili kabisa.

Nikabadilisha koili zote nne, na ile kontroboksi yangu ya mwanzo ikatengenezwa kwa 90,000. Natembelea hiyo mpaka leo. Jumla ya hasara nilikaribia laki saba kwa koili moja. Kabla hujafunga nyingine, tafuta kilichoua ya kwanza.

Kipepe_Moro
Hiyo ni Nissan mkuu, hadithi yake nyingine. Toyota kontroboksi haziungui ovyo.

Mzee wa Spana
Si kweli. Mwaka 2010 Toyota waliziita zirudi kurekebishwa Corolla na Matrix zaidi ya milioni moja za Marekani na Kanada, za 2005 hadi 2008, kwa ajili ya kontroboksi hizohizo. Risasi za kwenye bodi zilikuwa zinapasuka na gari inaweza kuzima njiani. Kila kampuni ina ya kwake. Na Toyota za miaka ya tisini zina kapasita zinazovuja, ukifungua boksi unanusa harufu kama ya samaki aliyelala.

Kipepe_Moro
Corolla ya Marekani na IST ya Japani wapi na wapi?

Mzee wa Spana
Sijasema ni zilezile. Nimejibu ulichosema.

Njoro_Nai
Wadau, salamu kutoka Nairobi. Huku Kirinyaga Road ukinunua kontroboksi unafunga ukiwa hapohapo, injini inawaka, ndipo unatoa pesa. Ukikubali kwenda nayo nyumbani, imekuwa yako. Baba Nasra, hakuna fundi Gerezani anayeweza kukujaribishia kabla hujalipa?

Mtu wa Sharjah
Assalamu alaykum. Mimi nafanya kazi kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika huku Sharjah, Falme za Kiarabu. Nawaonya wanaoagiza. Kuna Echo na Yaris zenye injini za familia moja na IST, na mtu atakwambia ni kitu kimoja. Soketi inaweza kuingia lakini namba ni tofauti, na ndani ni tofauti. Kontroboksi za IST ninazoziona huku zinakuja na vichwa vya magari vilivyokatwa Japani. Angalia stika: namba inaanza 89661, kistari, halafu tarakimu tano. Zote tano zilingane. Na je, ufunguo wako una chipu ya kuzuia wizi?

Baba Nasra
Ufunguo ni wa kawaida, hauna chipu, na hakuna taa ya usalama inayopepesa kwenye dashibodi.

Dada, umenishtua. Jumanne niliipeleka kuchomelea eksozi, ilikuwa inanguruma. Jamaa alichomelea gari ikiwa hivyohivyo, betri haikutolewa waya. Jumatano ikazima. Sikuunganisha haya mambo mawili mpaka uliponiuliza.

Dada wa Wayaringi
Umeona sasa. Kuchomelea bila kuvua waya wa betri umeme unatafuta pa kupita, na wakati mwingine unapita kwenye bodi. Lakini usihukumu kabla ya multimita.

Mama Keki Kigamboni
Mimi natoka nje ya mada kidogo. Baba Nasra, mwambie shemeji keki za ngazi asizisafirishe zimepandana. Kila ngazi kwenye boksi lake, mkeka wa mpira chini, unaenda kupandanisha kwa mteja. Hata kwa bajaji itafika.

Baba Nasra
Ahsante dada yangu, nimemsomea na amefurahi sana.

Mrejesho wa leo Jumamosi. Fyuzi nzima, rilei nimebadilisha haikusaidia. VC nimepata 0.9. Nimechomoa sensa ya throto na nyingine ninazozifikia, namba haikupanda. Nikafungua droo ya mbele ya abiria nikatoa kontroboksi. Nilipochomoa soketi kubwa, pini za kona ya chini zimeota ukungu wa kijani, na zulia chini yake ukilibonyeza kwa kidole linatoa maji.

Nimezisugua kwa mswaki wa zamani na spirti, nikakausha juani kwa muda wa saa mbili, nikarudisha. VC 4.9, taa ya injini ikawaka, nikapiga stata, ikawaka! Mtaa mzima ulisikia nikishangilia. Dakika kumi na moja, ikazima. Taa haiwaki tena.

Kipepe_Moro
Nunua mtumba sasa, ushahidi umeupata.

Xtrail_Dodoma
Afunge mtumba ndani ya maji? Mpe yule kijana wa 120,000, mwambie afungue mbele yako na usiondoe macho.

Dada wa Wayaringi
Wote subirini. Maji yanatoka wapi? Mwaga maji kwenye kioo cha mbele huku mtu amelala chini na tochi. Yasipoingia, angalia bomba la AC la kutolea maji kama limeziba. Hapo hutumii hata shilingi. Na soketi upande wa waya umeiangalia, au umesugua pini za boksi tu?

Baba Nasra
Nimesugua za boksi tu.

Mzee wa Spana
Andika namba ya stika.

Baba Nasra
Nusu imefutika na unyevu. Naona 89661-52, inayofuata sijui ni 7 au 1. Huku kumeshakuwa giza, asubuhi nitaipiga picha juani na soketi nitaiangalia. Keki ya kesho inaenda kwa bajaji, kila ngazi na boksi lake.