Sildenafili au tadalafili: wazee, mnachagua gani?

Baba_Twins_Ksm: Wazee, niko na miaka 47, sukari imenishika mwaka wa sita, na chumbani mambo yamelala. Daktari amesema nichague kati ya hizo dawa mbili za kusaidia kusimamisha. Mliotumia mnaonaje?

Mvuvi_wa_Dunga: Nimetumia zote. Sildenafili unameza kama lisaa limoja kabla, inafanya kazi masaa manne, matano. Shida yangu ilikuwa tumbo: nilimeza baada ya kushiba samaki wa kukaanga, nikangoja, nikangoja, mama watoto akalala. Mafuta huichelewesha. Tadalafili haijali umekula nini, na inakaa hadi masaa 36. Ila mgongo uliniuma kesho yake.

Shemeji_Kakamega: Mnajisumbua bure. Tafuneni mukombero, ule mzizi wa nguvu, kama babu zetu.

Sista_wa_Wodi: Shemeji, tafuna wako, lakini mwenye sukari apimwe moyo na mishipa kwanza. Baba Twins, kabla ya kuuliza ipi inakaa zaidi, una dawa gani zingine? Wanaotumia naitreti, dawa za moyo za kifua kinachobana, kama zile za kuweka chini ya ulimi, wasiguse hata moja: presha huporomoka hadi mtu akafa. Hapo hayo masaa 36 mnayoyasifu yanageuka mzigo. Kifua kikikubana, mwambie daktari ulimeza lini, maana naitreti husubiri masaa 24 baada ya sildenafili na 48 baada ya tadalafili. Taja pia dawa ya tezi dume. Na walio kwenye ARV zenye ritonaviri hupunguziwa kipimo, kwa sababu dawa hujazana mwilini. Ikisimama ikakataa kulala zaidi ya masaa manne, kimbia hospitali, aibu uiache nyumbani.

Baba_Twins_Ksm: Asante sista. Natumia amlodipini ya presha. Na hizi tembe zinazouzwa moja moja kule stendi je?

Sista_wa_Wodi: Amlodipini haikukatazi, ila daktari aijue. Za stendi achana nazo. Tembe isiyo na pakiti utajuaje ni ya miligramu 25 au 100, au kama ni dawa kweli? Nenda kemisti yenye mfamasia, na karatasi ya daktari mkononi.

Mvuvi_wa_Dunga: Na usijianzishie sildenafili ya 100 kama mimi. Kichwa kiligonga, pua ikaziba, taa zote za Kondele nikaziona za buluu.

Shemeji_Kakamega: Mukombero haujawahi kumwonyesha mtu taa za buluu 😂