Pinboli Chicago: sehemu nzuri utaijuaje?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za huko. Mdogo wetu anakuja Chicago kusoma. Hapa Mwanga ni mtu wa pool, sasa anaulizia pinboli, ile mashine ya kupiga mpira wa chuma kwa vitufe. Aanzie wapi asiliwe hela na mashine mbovu?
Wa Mwanga, Kigoma

---

Marahaba. Amepata mji wenyewe: Gottlieb, Bally, Williams na Stern, kampuni kubwa za kutengeneza pinboli, zote zilianzia Chicago na vitongoji vyake. Lakini asibabaishwe na wingi. Baa yenye mashine tatu zinazosafishwa ni bora kuliko ukumbi wa mashine thelathini zilizochoka.

Afungue Pinball Map kwenye simu. Inaonyesha mashine ipi iko wapi, ila asiishie hapo. Asome maoni chini ya kila mashine, na tarehe. "Flipa ya kushoto dhaifu" (flipa ni mkono mdogo unaopiga mpira) ikikaa miezi mitano, ujue fundi hapiti. Kisha atazame kalenda ya mashindano ya IFPA, chama cha kimataifa cha pinboli. Penye ligi mashine huwa nzima, maana wachezaji wa ligi wana midomo. Baa ya Logan Arcade ni pa kuanzia.

Bei ni senti 50 hadi dola 1 kwa mchezo, mashine mpya wakati mwingine zaidi. Kwingine unalipa mlangoni mara moja, unacheza mpaka uchoke. Kwa mwanafunzi wa mchezo hapo ndipo. Baa nyingi haziingizi walio chini ya miaka 21, kwa hiyo atembee na pasipoti.
Wa Ujiji, niko Chicago

---

Naongezea ya ufundi. Meza ya pool unaipima kwa mpira kutulia katikati. Pinboli imeinamishwa makusudi, kama nyuzi 6.5 kumwelekea mchezaji. Kosa ni kulala upande. Mpira ukipita katikati ukavutwa kushoto kila mara, skrubu za miguuni hazijasawazishwa.

Flipa: mpira uliopigwa sawasawa ukiishia nusu ya mlima (njia ya kupandia mpira) kila mara, mara nyingi ni bomba la ndani ya koili (waya wa sumaku unaosukuma flipa) limelika au kontakti zimeungua. Koili ikipata moto nayo hulegea. Amwambie mhudumu, wengi humrudishia mchezo wake.

Mpira wenyewe ni chuma, milimita 27, gramu 80 hivi. Ung'ae kama kioo. Ukiwa na vishimo ni msasa unaotembea, unakwangua ubao.

Kusukuma mashine kidogo ruksa, ndiyo ustadi. Ila ndani inaning'inia timazi katikati ya pete. Ukizidisha, timazi inagusa pete: nyingi za kisasa huonya mara mbili kwanza. Za zamani timazi ikigusa pete tu, flipa zimekufa na mpira umekwenda.
Fundi, Tabora

---

Ahsanteni. Na akiona iliyotumika ya bei poa, aitume Kigoma?
Wa Mwanga

---

Taratibu, ndugu yangu. Ya kule ni volti 120, masafa ya umeme hezi 60. Kwetu 230 na 50. Nyingi za elektroniki zina plagi kwenye transfoma, unahamisha waya na kuweka fyuzi ya ampea ndogo. Zile kongwe za rilei (swichi za sumaku, bila kompyuta), hata ukipata volti sahihi, mota ya kuhesabia alama itazunguka polepole kwa sababu ya hezi. Halafu ni zaidi ya kilo 100. Nani atazishusha stesheni?
Fundi, Tabora