"Borrow" na "lend": nani anachukua, nani anatoa?

Mdadisi:
Wakuu, naomba kueleweshwa. "Can I borrow your pen?" inakubalika, lakini "Can you borrow me your pen?" inakatwa kwa wino mwekundu. Kalamu ni ile ile na anayeiomba ni yule yule. Kwa nini neno libadilike? Na "loan" inaingia wapi?

Nahau:
Mkuu, utata unaanzia kwenye "azima" yetu, maana inakwenda pande zote mbili. "Nimeazima jembe kwake" ni kupokea. "Niazime jembe" ni kuomba upewe. Kiingereza sanifu hakiruhusu hilo. Shika "kopa" na "kopesha": "borrow" ni kukopa, "lend" ni kukopesha. Kazi ambayo kwetu inafanywa na "-esha", wao wanaifanya kwa kubadili neno zima.

Ukikwama, weka "take" mahali pa "borrow" na "give" mahali pa "lend". "Can you give me your pen?" inasimama, basi ni "lend". "Can I take your pen?" nayo inasimama, basi ni "borrow". Sasa jaribu "Can you take me your pen?" Imeanguka, na "borrow me" inaanguka kwa sababu hiyo hiyo.

Vihusishi ("from" na "to") navyo vinafuata njia hiyo. Unachukua kutoka kwa mtu: "I borrowed it from Asha." Unampa mtu: "Asha lent me the book" au "Asha lent the book to me." Kosa baya kuliko yote ni "I borrowed it to him", kwa sababu msikilizaji hajui tena nani anadaiwa.

Kitenzi:
Naongezea. Wakati uliopita ni "lent", "lended" haipo. Kwenye kutendwa, "I was lent a bicycle" ni sahihi, ila "I was borrowed a bicycle" haifai: "lend me" ipo, "borrow me" haipo.

"Loan" kama nomino, yaani mkopo, haina mgogoro. Kama kitenzi imezoeleka zaidi Marekani, tena kwa fedha na vitu vya kushikika tu. Msaada wa mkono ni "lend a hand". Hapo "loan" haiingii kabisa.

Mizani:
Msisahau kitu kisichobebeka. Choo hakiazimwi, kwa hiyo sema "Can I use your toilet?" Simu ya mkononi unaweza kui-"borrow".

Ukitafsiri kuja Kiswahili, jiulize kama kitarudi kile kile. Kalamu ni kuazima. Fedha ni kukopa, maana zinazorudi si noti zile zile. "Borrow" inabeba zote mbili. Inabeba hata hesabu ya kutoa: kwenye 52 − 17, 2 haitoshi kutoa 7, basi una-"borrow" kumi moja kwenye 5. Inabaki 4, upande wa pili inakuwa 12, jibu 35. Kumi hiyo hairudishwi, lakini neno ni hilo hilo.

Mdadisi:
Asanteni sana. Kwa hiyo "The bank borrowed him money" iwe "The bank borrowed money from him"?

Nahau:
Hapana mkuu, hapo umeigeuza benki kuwa mdaiwa! Sarufi imekaa sawa, ila maana imepinduka. Benki ndiyo iliyotoa: "The bank lent him money."