Jina la Hume kutolewa kwenye jengo la chuo Edinburgh: walipatia au walichemka?

Kalamu Butu
Wakuu habari za jioni. Nimekuwa nasomasoma mambo ya Zama za Mwangaza kule Ulaya, karne ya 18 (Enlightenment, wakati wasomi walihimiza akili na sayansi), kuna kitu kinanikera. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Edinburgh kiliondoa jina la David Hume, mwanafalsafa Mskoti, kwenye ghorofa lao, sasa hivi linaitwa 40 George Square, yaani namba ya nyumba tu. Kosa lake ni tanbihi (maelezo ya chini ya ukurasa) aliyoiongeza 1753 kwenye insha yake ya tabia za mataifa, kwamba anahisi weusi kwa maumbile yao wako chini ya weupe. Tanbihi tu jamani. Huyu ndiye aliyesisitiza tupime kila kitu kwa ushahidi. Mtu apimwe kwa wakati wake. Na tusisahau bila hao watu wa Mwangaza hata sisi humu tungekuwa tunakufa na ndui. Karibuni, povu ruksa ila matusi hapana.

Mama Wawili
Tanbihi TU? Humo humo kwenye hiyo "tanbihi tu" kaandika eti Jamaica kuna mweusi mmoja anasifiwa kwa usomi, halafu akasema labda ni kama kasuku anayetamka maneno mawili matatu. Huyo kasuku wake alikuwa Francis Williams, mtu anaandika mashairi kwa Kilatini na hesabu anazijua. Sasa huo ushahidi Hume aliupima wapi? Jamaica kwenyewe hakuwahi kukanyaga.

Kiti Moto wa Hoja
Shangazi punguza hasira, alikuwa anaongea kama watu wote wa zama zake.

Mama Wawili
Mimi sio shangazi yako. Na "watu wote" ni akina nani? James Beattie wa Aberdeen, Mskoti mwenzake, 1770 alichapisha kitabu kumpinga na hiyo hoja ya weusi akaishughulikia humo. Alikuwa wa zama zipi, za kwako?

Mjukuu wa Karani
Dada umeongea. Niongezee hapo, kuna barua ya 1766 Hume anamfikishia mkubwa wake Lord Hertford dili la kuwekeza kwenye mashamba ya watumwa kule Grenada, kwa hiyo sio tanbihi peke yake. Ila tuwe wakweli pia, 1752 huyo huyo aliandika kuusema vibaya utumwa wa Wagiriki na Warumi, kwamba unamfanya bwana kuwa katili tangu udogoni, na makoloni ya Marekani akayagusa. Huyu mtu ana pande mbili, mkimbeba mbebeni zote.

Kiti Moto wa Hoja
Haya na huyo Francis Williams wenu je, mnajua familia yake ilikuwa na watumwa? Weusi huru wenye watumwa! Mbona hapo kimya?

Mama Wawili
Tunajua sana. Sasa ndio inamfanya awe kasuku? Hoja ilikuwa akili yake, wewe umehamia mali yake. Na wala hujasikia kwamba ile picha yake ya kuchora iliyoko kwenye jumba la makumbusho London, watu walikuwa wanasema ni ya kumkejeli, miguu myembamba kichwa kikubwa, halafu 2024 mtafiti mmoja akaja na hoja kwamba kitabu kilichofunguliwa mezani ni cha Newton, ukurasa wa mambo ya vimondo vyenye mkia, na dirishani pale kinaonekana kile cha Halley kiliporudi 1759. Yaani jamaa anajionyesha kwamba hesabu za Newton anaziweza. Kasuku gani huyo.

Dokta Mtaani
Mimi nimekwama kwa mleta mada. Ndui. Kalamu Butu nani kakudanganya? Unamfikiria Jenner, yule daktari Mwingereza wa chanjo ya ndui 1796, sio? Sasa sikiliza. Boston, Marekani, 1721, miaka 75 kabla ya Jenner, kuna mchungaji Cotton Mather ana mtumwa anaitwa Onesimus, aliyezaliwa Afrika, Mather alipewa huyo na waumini wake 1706. Onesimus alimwambia kwao mtu anachanjwa mkononi, anawekewa usaha wa mgonjwa, anaugua kidogo basi, akamwonyesha na kovu. Mather akaandika barua London 1716, na ndui ilipoingia Boston akampata tabibu Zabdiel Boylston, huyo akachanja watu kama 240 wakafa 6. Waliougua wenyewe bila kuchanjwa walikuwa karibu 6,000, wamekufa 800 na kitu. Piga asilimia mwenyewe.

Kalamu Butu
Mkuu ile ya Onesimus ni kupandikiza ndui yenyewe, Jenner alitumia ya ng'ombe, ni vitu viwili tofauti. Na Waturuki nao walikuwa nayo, yule mke wa balozi wa Uingereza, Lady Mary Montagu, alimchanja mwanae kule Istanbul 1718.

Dokta Mtaani
Sasa Waturuki ndio watu wa Mwangaza? Unanisaidia mwenyewe hapo.

Kiti Moto wa Hoja
Lakini aliyekaa akahesabu nani kafa nani kapona ni nani? Ni hao hao. Kujua dawa ya kwenu na kuithibitisha kwa namba ni mambo mawili.

Dokta Mtaani
Namba sawa, nakubali walihesabu. Ila daktari pekee Boston mwenye shahada ya chuo, William Douglass, ndiye aliyepinga kwa nguvu zote, na moja ya sababu zake ni kwamba habari yenyewe imetoka kwa Waafrika, hao sio wa kuaminika. Msomi ndiye alikataa kupima! Aliyetaka ipimwe ni mchungaji, tena yule aliyewatetea mahakimu wa kesi za wachawi kule Salem. Nyumbani kwa Mather wakarusha bomu dirishani, bahati halikulipuka.

Bwana Usingizi
Hahaha kwa hiyo wachawi ndio wametuletea chanjo. Nilijua tu.

Mjukuu wa Karani
Jamani na Hume? Jina libaki au litoke?

Bwana Usingizi
Litoke. Nairobi Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue na magari yanapita kama kawa.

Kiti Moto wa Hoja
Delamere hakuandika falsafa. Acheni kulinganisha mlowezi na mwanafalsafa.

Mama Wawili
Mlowezi angalau alikuja akatuona.

Kiti Moto wa Hoja
Kwa hiyo sasa unamtetea Delamere? Wakuu mmeona wenyewe, skrinishoti ninayo.